Mpe Mtoto Nafasi ya Kukumbuka

Pita nje ya darasa la kwanza saa mbili na nusu asubuhi, karibu popote Tanzania, utasikia silabi zikiimbwa kwa sauti moja: ba, be, bi, bo, bu. Mwalimu anagusa ubao kwa rula, watoto themanini wanaitikia, na mpita njia ataamini kazi inakwenda. Lakini ingia ndani ukae dawati la nyuma. Utamwona mtoto anayechezesha midomo huku macho yako dirishani. Utamwona mwingine aliyeushika wimbo wote bila kujua ni alama ipi ubaoni inayoitwa be. Sasa mwombe mwalimu aguse silabi zile zile bila mpangilio: bo kwanza, kisha be, kisha bu. Sauti inapungua ghafla, na wanaobaki wakiitikia ni wachache wa madawati ya mbele.

Wale wengine hawakuwa wavivu, wala si wazito. Walikuwa wakifuata mdundo, na mdundo hauhitaji kusoma. Ubongo haujifunzi jambo kwa sababu tu limepita masikioni; hulishika pale unapolazimika kulitafuta na kulitoa wenyewe. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, unapotaka darasa lako liwe rafiki kwa ubongo wa mtoto, jiulize swali moja kabla ya kufikiria rangi za ukutani au zana za kununua: leo kila mtoto wangu amepata nafasi ngapi za kukumbuka jambo mwenyewe, bila kuogopa kukosea?

Ninaandika nikimfikiria mwalimu wa darasa la kwanza na la pili katika shule ya serikali, mwenye ubao mmoja, kipindi cha nusu saa, na watoto wanaozidi mbali ule uwiano rasmi wa mwalimu mmoja kwa watoto 45. Nitakayoyataja yanawezekana hapo hapo.

Waache watafute

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyokuwa akijifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akajipima baada ya dakika, saa na siku. Aliona kwamba sehemu kubwa ya alichokariri ilipotea ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi ya kusahau ikapungua. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yalimgharimu kazi ndogo kuliko marudio ya mfululizo katika siku moja. Mwaka 2006 nchini Marekani, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya habari. Baadhi walivisoma tena. Wengine walifunika wakaandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojikumbusha kwa kuandika ndio waliokuwa wamebaki na mengi.

Zile dakika tano ndizo zinazotudanganya sisi walimu. Mwisho wa kipindi tunauliza, "Mmeelewa?" na darasa zima linajibu "Ndiyooo!" Watoto hawasemi uongo. Wakati huo jambo bado lipo kichwani, limetoka kusemwa sasa hivi. Kipimo cha kweli ni kesho, na Jumatatu, na mwezi ujao.

Basi fungua kila kipindi kwa maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Dakika tano zinatosha. Cha muhimu ni kila mtoto ajibu, si yule aliyenyoosha mkono kwanza. Kwenye hesabu, waambie waonyeshe jibu kwa vidole, mkono umebanwa kifuani ili jirani asichungulie. Utapitisha macho mara moja na kujua nani anajua na nani anasubiri kumwiga mwenzake. Kwenye silabi, waandike kwa kidole juu ya dawati, au kwa chaki kwenye kibao kidogo. Fundi seremala wa jirani ana vipande vya mbao laini anavyotupa. Vipake rangi nyeusi ya ubao na umepata vibao vya darasa zima. Kisha toa jibu palepale, kila mmoja ajisahihishe. Usiandike alama. Ukianza kuandika alama, watoto wataanza kuibia, na hutajua tena nani anakumbuka.

Wazee wetu walilijua hili bila maabara. Mtu anaposema "Kitendawili!" na watoto wakajibu "Tega!", kila kichwa kinaingia kazini, na kabla ya kupewa jibu lazima utoe mji. Hakuna anayepewa jibu bure. Tega vitendawili vya masomo: "Tuko watano, tukiongezewa rafiki zangu tunakuwa tisa. Rafiki zangu ni wangapi?" Mtoto aliyekuwa amejikunja kwenye dawati atakaa wima.

Jambo jingine katika hesabu: usitoe zoezi la kujumlisha tupu, maswali kumi. Baada ya maswali mawili mtoto haangalii tena alama. Anajua ni kujumlisha, anajumlisha. Changanya. Weka 7 + 2, kisha 7 – 2, kisha 5 + 4. Atakosea zaidi siku hiyo, nawe utaona daftari haling'ai kwa vema nyekundu. Vumilia. Kila swali sasa linamtaka aamue afanye nini, na kuamua huko ndiko mtihani utakakomtaka.

Usimbebeshe vingi kwa pamoja

Kuna sehemu ya akili inayoshika mambo ya sasa hivi, kwa sekunde chache, wakati tunayafanyia kazi. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba mtu mzima anashika vitu kama saba. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Nelson Cowan alionyesha kwamba ukimzuia mtu asijisaidie kwa mbinu, vinashuka hadi kama vinne. Mtoto wa miaka saba anashika pungufu ya hapo. Anatembea na sinia dogo kichwani: ukiongeza kimoja kupita kiasi, hakidondoki kile kimoja tu.

Sikiliza maagizo yetu ya kawaida: "Fungueni kitabu ukurasa wa 34, someni kifungu cha pili kimya kimya, jibuni swali la kwanza mpaka la tano kwenye daftari, mruke mstari, mkimaliza mlete hapa mezani." Mtoto atabaki na "fungueni kitabu" na "mlete mezani." Halafu tunamgombeza kwamba hasikii. Toa agizo moja. Subiri wote walitekeleze. Toa la pili. Hatua zikiwa nyingi, ziandike pembeni ya ubao kwa picha ndogo: kitabu, jicho, kalamu.

Kwenye kusoma, jambo hili ni kubwa kuliko tunavyodhani, kwa sababu ya umbo la maneno ya Kiswahili. Herufi zetu ni rahisi. Kila alama ina sauti yake, na mtoto akishajua silabi anaweza kutamka neno lolote. Lakini maneno ni marefu. Chukua neno "hawakutupelekea." Lina silabi nane. Mtoto anayesoma silabi moja moja, ha… wa… ku… tu… akifika kwenye "a" ya mwisho, "ha" ya mwanzo imeshapotea. Ametamka yote sawasawa na hajasoma kitu. Mwalimu anamuuliza maana, anakaa kimya, na anaandikiwa kwamba haelewi.

Msaidie kuona vipande vikubwa. Akishazijua silabi, mfundishe kuviona vianzio vya vitenzi kwa tupio moja la jicho: ana-, wana-, ali-, wali-, tuta-, hawaku-. Andika "hawaku" kwenye kadi, na kando yake weka moja moja: soma, cheza, lima, pika. Watoto wasome haraka haraka, wewe ukibadilisha kadi ya pili. Baada ya wiki kadhaa "hawakutupelekea" inakuwa vipande vitatu: hawaku, tu, pelekea. Vitatu vinabebeka, na akili inapata nafasi ya kujiuliza nani hakumpelekea nani nini. Kila siku dakika kumi za zoezi hili zina thamani kuliko ukurasa mzima wa kunakili kutoka ubaoni.

b na d

Mtoto anaandika "dada" palipotakiwa "baba." Anaandika namba 3 ikitazama upande wa pili. Wapo wazazi wanaoingiwa na hofu, wapo walimu wanaoona uzembe.

Mtafiti Mfaransa Stanislas Dehaene amelieleza hili vizuri. Ubongo wa binadamu haukuumbwa na sehemu ya kusomea. Maandishi yamekuwapo kwa miaka elfu chache tu. Mtoto anapojifunza kusoma, sehemu ya ubongo upande wa kushoto, kuelekea nyuma, iliyokuwa ikitambua nyuso na vitu, inapewa kazi mpya ya kutambua herufi. Na sehemu hiyo ina mazoea yake ya zamani: kikombe kikielekeza mkono wake kushoto au kulia, ni kikombe kile kile. Mbuzi akikutazama ubavu huu au ule, ni mbuzi yule yule. Mazoea hayo yalimfaa mtoto tangu azaliwe. Leo unamwambia kwamba kijiti chenye tumbo kikitazama kulia ni b, kikitazama kushoto ni d. Anatakiwa kuvunja kanuni iliyokuwa kweli kwa kila kitu kingine duniani. Atakosea kwa miezi, pengine mwaka mzima, na hiyo ni kawaida.

Unachoweza kufanya ni kutofundisha b na d wiki moja. Fundisha b, iimarike wiki tatu au nne, ndipo ulete d. Iweke kila moja mkononi pia: waandike herufi kubwa kwenye mchanga uwanjani kwa kidole, wakitoa sauti yake wakati kidole kinatembea. Kwa b kidole kianze na kijiti, kwa d kianze na tumbo. Mkono hausahau ulipoanzia, na njia hizo mbili zitamsaidia pale jicho linapokwama. Namba zilizogeuka zisahihishe kwa upole, palepale, bila kuitisha darasa zima litazame.

Hofu

Mary Budd Rowe aliyekuwa akichunguza ufundishaji wa sayansi huko Marekani katika miaka ya 1970 alipima muda ambao mwalimu anasubiri baada ya kuuliza swali. Ulikuwa kama sekunde moja. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu, majibu yalirefuka, watoto waliosema "sijui" au kunyamaza walipungua, na waliodhaniwa dhaifu walianza kuchangia. Sekunde mbili za ziada hazigharimu chochote. Uliza, hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kwanza, watoto wengine wote wanapumzika.

Kisha linakuja jibu lenye makosa. Hapo ndipo darasa linajengwa au kuvunjwa. Tumezoea "Kaa chini! Nani atamsaidia?" na kicheko kinafuata. Yule mtoto hatanyoosha mkono tena muhula huo. Badala yake muulize, "Umeonaje mpaka ukapata hiyo?" Mara nyingi utakuta ana sababu, amechanganya kitu kimoja, na kosa lake litakufundisha lililo vichwani mwa wengine ishirini waliokaa kimya. Mrudie baada ya dakika chache ili amalize kwa kujibu vizuri.

Kuhusu fimbo nitasema waziwazi. Mtoto anayetazamia kuchapwa anaangalia mkono wa mwalimu, haangalii herufi. Moyo unakwenda mbio, mwili unamwaga homoni za kujihami, na ile nafasi ndogo ya kushika mambo ya sasa hivi inajaa swali moja tu: nitapigwa? Hofu ikiwa ya kila siku, inadhoofisha hata ile sehemu ya ndani ya ubongo, hipokampasi, inayotusaidia kuhifadhi mapya. Ubongo hukumbuka sana tukio la kutisha; atakikumbuka kiboko miaka arobaini, na saba mara nane hataikumbuka. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara kanuni bado zinaviruhusu kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, kwa mkono wa mwalimu mkuu au aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na viandikwe kwenye kumbukumbu. Kushindwa kusoma silabi si kosa la nidhamu. Iache fimbo ofisini, kisha iache kabisa.

Mtoto wa muhula wa kwanza anayetoka nyumba inayozungumza Kisukuma au Kimaasai ana hofu nyingine, ya kutoelewa anachoambiwa. Mkalishe karibu na mwenzake wa lugha moja, na usiwazuie kunong'onezana maana.

Kuta, mvua, miguu

Walimu wa madarasa ya chini wamehimizwa kuwa na "darasa linaloongea," chati kila mahali. Ni wazo zuri likitumiwa kwa kiasi. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walifundisha watoto wadogo katika chumba kilichojaa mapambo na pia katika chumba chenye kuta tupu. Kwenye mapambo mengi watoto walitangatanga kwa macho zaidi na wakashika machache. Ukuta wa mbele ubaki na ubao tu. Chati zikae pembeni na nyuma, na ile ambayo hujaigusa mwezi mzima ishushe.

Nenda ukasimame ukuta wa nyuma, usome mwandiko wako mwenyewe. Ubao ukiwa umechakaa na unang'aa, watoto wa nyuma upande wa dirisha hawaoni kitu. Upakwe rangi upya. Mtoto anayenakili vibaya kila siku, mhamishie mbele kabla hujamwita mzembe. Na kwa mvua juu ya bati lisilo na dari, uwe na kazi ya kimya iliyoandaliwa: vizibo vya soda vya kupanga makumi, picha ya kuchora na kuandikia majina. Usishindane na bati kwa koo lako.

Waruke. Mchezo wa "nyama, nyama, nyama" una faida kubwa kuliko unavyoonekana. Kiongozi anataja mnyama anayeliwa, watoto wanaruka na kuitikia "nyama!", akitaja paka, wanatakiwa wabaki chini kimya. Kujizuia kuruka wakati mwili umeshaanza kuruka ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo inaendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka ishirini. Ni sehemu ile ile itakayomzuia mtoto kujumlisha pale palipo na alama ya kutoa. Cheza dakika tatu katikati ya asubuhi, kisha rudini kwenye kazi.

Tumbo na usingizi hutaviweza peke yako. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wake, lakini unakula kama asilimia 20 ya nishati ya mwili. Wa mtoto unadai sehemu kubwa zaidi. Mtoto aliyetembea kilomita tatu bila kunywa chai hawezi kukumbuka vizuri saa nne. Kama shule ina uji, pigania utoke mapema. Kwenye kikao cha wazazi waambie kwamba mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na kwamba usiku ndipo ubongo unapoyapanga yaliyofundishwa mchana. Wazazi wengi hawajawahi kuambiwa hivyo na mwalimu.

Utakutana pia na semina na vitabu vinavyosema tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, au kwamba mtoto huyu ni wa ubongo wa kulia na yule wa kushoto, au kwamba kila mtoto afundishwe kwa mtindo wake mmoja, wa macho, masikio au mikono. La kwanza ni uongo mtupu. Ubongo wote unafanya kazi. La pili halina msingi. La tatu limepimwa, na ushahidi wa kuliunga mkono haukupatikana: watoto wote wanafaidika wanapoona, wanaposikia na wanaposhika, kutegemea jambo linalofundishwa. Usipoteze jioni zako kuwagawa watoto themanini kwa mitindo. Jioni hizo tunga yale maswali matatu ya kesho.

Neno la mwisho ni lako, mwalimu mkuu. Shule nyingi humpeleka mwalimu bora darasa la saba kwa sababu ya mtihani wa taifa, na darasa la kwanza hupewa aliyeripoti juzi au anayesubiri kustaafu. Mtoto asiyeweza kusoma kwa wepesi mwisho wa darasa la pili atalibeba pengo hilo kwenye kila somo, na mwalimu wa darasa la saba hatakuwa na muda wa kulifuta. Unapopanga ratiba ya Januari, mpe darasa la kwanza mwalimu wako bora, mpunguzie vipindi vingine, na umwache nalo miaka miwili.